Matambara ya Makwapani

SOMO LA WIKI: Kujitolea Ugenini
Andiko la msingi: Yeremia 38:7–13
Soma pia: Matendo 11:27–30 na 12:25, 2 Wakorintho 8:16–21, Mithali 19:2

Kwa wiki kadhaa sasa vijana wetu wamekuwa wakinisimamisha mlangoni baada ya ibada ya pili na swali moja tu: "Pasta, tunaenda Uganda ama hatuendi?" Ni vijana kumi na wawili. Wanataka kwenda Kampala mwezi wa Agosti, wiki mbili, wajitolee na shirika la wenyeji linalosaidia wakimbizi kutoka Kongo. Wengine wameshaanza kuweka pesa, na kuna mmoja ameacha kununua soda. Wazee nao wana swali lao, na ni zito pia: nauli ya watu kumi na wawili kwenda na kurudi, pamoja na chakula na malazi, si afadhali tuitume yote kwa simu iwafikie wenye shida?

Jumapili iliyopita nilijaribu kuwajibu wote kutoka kwa Neno. Hapa nimeandika yale niliyohubiri, na mengine ambayo saa haikuniruhusu.

Fungua Yeremia 38. Kama Biblia yako iko kwa simu, fungua simu, lakini WhatsApp wacha ingoje.

Mwafrika mmoja ndani ya Yerusalemu

Mji wa Yerusalemu umezingirwa na jeshi la Babeli. Mkate unaisha. Yeremia anasema ukweli ambao wakuu wa mji hawataki kuusikia, basi wanamshika na kumshusha kwa kamba ndani ya shimo la kuhifadhi maji. Maji hayamo. Kuna tope, na nabii wa Mungu anazama humo. Mfalme Sedekia ameshawaambia wakuu wafanye wanavyotaka. Makuhani wapo mjini, ndugu zake Yeremia wapo, watu waliomsikia akihubiri miaka mingi wapo. Hakuna anayesema kitu.

Ndipo anatokea mtu ambaye hukumtarajia. Ebedmeleki, Mkushi. Kushi ilikuwa kusini ya Misri, kando ya Nile, sehemu ambazo leo ziko Sudan. Kwa hivyo huyu ni Mwafrika, yuko ugenini, na ni towashi anayefanya kazi katika nyumba ya mfalme. Hana ukoo pale. Hata hilo jina lake maana yake ni mtumishi wa mfalme, basi. Inawezekana lile alilopewa na mamake huko Kushi hakuna aliyejali kulikumbuka. Lakini Roho Mtakatifu alihakikisha sisi tunamjua hadi leo.

Sasa angalia alivyofanya, pole pole.

Kwanza hakukimbilia shimoni. Alitoka akaenda langoni mwa Benyamini, ambako mfalme alikuwa ameketi, akamwambia wazi kwamba jambo hili ni baya na mtu atakufa. Aliomba ruhusa kwa mwenye mamlaka. Kisha akachukua watu wa pale waende naye, kwa sababu mfalme alimpa watu thelathini. Mkushi hakutaka kuwa shujaa peke yake. Na wenye mikono ya kuvuta walikuwa wenyeji.

Lakini jambo linalonigusa kabisa liko mstari wa 11. Kabla ya kwenda shimoni alipitia mahali pengine. Aliingia nyumbani mwa mfalme, chini ya hazina, akachukua matambara na nguo kuukuu. Halafu akayateremsha kwa kamba, akamwambia Yeremia ayatie makwapani, kati ya mwili na kamba. Yeremia akafanya hivyo. Ndipo wakamvuta.

Hebu jiulize kwa nini Biblia inapoteza mistari miwili kwa matambara. Mwandishi angesema tu "wakamtoa shimoni" na sisi tungesema amina. Lakini mtu aliyekaa kwenye tope bila chakula amekonda. Tope limemshika miguu. Ukimfunga kamba kavu kifuani na wanaume wavute kwa nguvu, kamba itamkata nyama. Atatoka, ndiyo, lakini atatoka na vidonda ambavyo vimeletwa na msaada wako. Ebedmeleki aliliona hilo kabla halijatokea. Alifikiria makwapa ya mtu mwingine.

Na yeye ndiye aliyejua matambara yako wapi. Mtumishi wa nyumba anajua kila kona ya stoo. Kitu alichokuwa nacho hakikuwa cha maana machoni pa watu, na ndicho kilichohitajika.

Jambo lingine: Ebedmeleki hakuruka shimoni. Angeruka, wangekuwa wawili kwenye tope. Na hakumwekea Yeremia matambara. Yeremia alijiwekea mwenyewe. Mtu aliye shimoni bado ana mikono, ana akili, na anajua mahali panapomuuma kuliko wewe uliye juu.

Sisi tumewahi kuwa upande ule mwingine

Kanisa, Wakenya hatuhitaji kufundishwa sana juu ya jambo hili, maana tumekuwa wenyeji wa watu wa kujitolea kwa miaka mingi. Kuna waliokuja wakakaa. Walijifunza lugha zetu, wakazika watoto wao hapa, na hospitali kama Kijabe na Tenwek ni ushahidi. Hadi leo kuna mtu wetu amelazwa huko. Tunamshukuru Mungu kwa hao.

Lakini pia tunawajua wale wengine. Wanafika Julai kwa basi dogo, wanapaka rangi ukuta wa shule ambao kikundi kingine kilipaka mwaka uliotangulia, watoto wanaimba, picha zinapigwa, na baada ya siku kumi wameenda. Kijana wa mtaani ambaye ni fundi wa rangi anasimama pembeni akitazama kazi yake ikifanywa na watu ambao hawajawahi kushika brashi. Mwalimu mkuu anatabasamu kwa sababu kuna bahasha itaachwa. Sisemi hao walikuwa na roho mbaya. Wengi walikuwa na upendo wa kweli. Kamba ilikuwepo, matambara ndiyo hayakuwepo.

Na kwa nyumba za watoto jambo hili limekuwa baya zaidi. Wengi wa watoto wanaoitwa mayatima katika nyumba hizo wana mzazi aliye hai, ama shangazi, ama nyanya. Palipo na wageni wanaopenda kutembelea mayatima na kutoa pesa, kuna watu wamehakikisha mayatima wanapatikana. Serikali yetu ilisimamisha usajili wa nyumba mpya za watoto mwaka wa 2017, na sasa mwelekeo ni kuwarudisha watoto kwa jamaa. Fikiria pia mtoto anayebebwa na kukumbatiwa na mgeni mpya kila wiki mbili, na kila baada ya wiki mbili anaachwa. Kwa hivyo nasema mapema: timu yoyote itakayotoka katika kanisa hili haitaenda kushinda ikibeba watoto.

Bidii bila maarifa

Mithali 19:2 inatuonya kwamba nafsi isiyo na maarifa si njema, na kwamba anayeharakisha miguu hukosea njia. Nataka nikupe mfano wa kweli, na uko papa hapa jirani, Jinja.

Msichana Mmarekani, Mkristo, alikuja Uganda akiwa bado hajafika miaka ishirini, akaguswa na watoto wenye utapiamlo. Akaanzisha kituo cha kuwalisha. Hakuwa na masomo ya udaktari wala ya uuguzi. Kati ya 2010 na 2015 kituo kilipokea watoto mia kadhaa waliokuwa wagonjwa sana, na zaidi ya 100 kati yao walifariki. Mwaka 2019 akina mama wawili waliopoteza watoto wao, wakisaidiwa na shirika la mawakili wanaotetea wanawake, walienda Mahakama Kuu ya Jinja wakidai kwamba alikuwa akitibu watoto mwenyewe bila kuhitimu. Yeye alikana, alisema walikuwepo wauguzi na wengi wa watoto walipona. Mwaka 2020 kesi ilimalizwa kwa makubaliano, akina mama wakalipwa fidia, bila yeye kukiri kosa.

Sitaki tumhukumu dada yule kwenye karatasi hii. Mungu anajua moyo wake, na watoto wale walikuwa hali mbaya kabla hawajamfikia. Lakini usipite haraka. Alikuwa ameokoka, aliomba, alikuwa na upendo, watu wa kanisa la kwao walimchangia. Yote ambayo sisi tunayataka kwa kijana wa misheni, yeye alikuwa nayo. Muuguzi wa Kenya aliye na leseni yake haruhusiwi kutibu Uganda kabla ya kusajiliwa na baraza la wauguzi la huko. Je, mtu asiye muuguzi? Kama kazi fulani hungeruhusiwa kuifanya Nairobi, kuvuka Busia hakukupi upako wa kuifanya.

Tunaenda kwa nani hasa?

Uganda imepokea wakimbizi kuliko nchi nyingine yoyote ya Afrika, zaidi ya milioni moja na nusu, wengi kutoka Sudan Kusini na Kongo. Sheria yao ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kutembea nchini na kufanya kazi. Walio wengi wako kwenye makazi ya mashambani, kama Bidi Bidi na Nakivale, ambako familia hupewa kipande cha ardhi. Tusiwaseme vibaya ndugu zetu Waganda kwa mengine. Katika hili wametutangulia.

Ila mkimbizi akiamua kuishi Kampala, mambo hubadilika. Kule mjini anatarajiwa kujitegemea. Mgao wa chakula haumfuati. Kodi ya nyumba analipa mwenyewe, karo mwenyewe. Na hata hivyo zaidi ya laki moja wako mjini, kwa sababu yeye si mkulima. Alikuwa mwalimu Bukavu, fundi Goma, mama wa duka Uvira. Januari 2025 waasi wa M23 walipoiteka Goma, na Bukavu ikafuata mwezi wa pili, wengi wengine walikimbia.

Sasa mtu huyu amesoma kwa Kifaransa maisha yake yote. Kampala sokoni ni Kiganda. Ofisini na shuleni ni Kiingereza. Cheti chake kimeandikwa lugha ambayo mwenye kazi haisomi. Mtu mzima wa miaka arobaini, mwenye digrii, anaanza upya na "good morning". Na ile lugha moja anayoijua vizuri zaidi ya hapo, unajua ni gani? Kiswahili! Cha kwao kidogo ni tofauti: watoto ni batoto, hospitali ni lopitali, na Kifaransa kimejaa humo kama Kiingereza kilivyojaa kwetu. Lakini mtaelewana siku ya kwanza. Tatizo ni kwamba Kampala Kiswahili kilibaki na sifa mbaya kwa miaka mingi. Wazee walikihusisha na wanajeshi na fujo za zamani. Kwa hivyo Mkongo akifungua mdomo kwenye teksi anajulikana ni mgeni.

Haya, kanisa. Nani ana Kiswahili na Kiingereza pamoja, vyote viwili, bila kuvilipia? Wewe! Umevipata bure kutoka kwa shule ya msingi, na pengine hujawahi kumshukuru Mungu kwa hilo. Hayo ndiyo matambara yaliyo kwenye stoo yako.

Si wazo jipya. Kuna shirika linaitwa YARID, lililoanzishwa Kampala mwaka 2007 na vijana wakimbizi wa Kongo wenyewe. Walianza na mpira wa miguu ili vijana wa makabila yaliyokuwa yakipigana kule nyumbani wakae pamoja. Halafu wakaona shida kubwa ni lugha, wakaanza madarasa ya Kiingereza. Silitaji kwa sababu kanisa letu lina uhusiano nalo, hatuna. Nalitaja ili uone: watu walio shimoni ndio waliojua kamba inakata wapi. Hakuna mgeni ambaye angeketi Nairobi ama London akabuni dawa ya mpira kwanza, Kiingereza baadaye.

Barua ya wenyeji

Kabla ya kupanga chochote, ofisi ya misheni iliwaandikia wenyeji wetu wa Kampala ikawauliza: mnahitaji nini? Hatukuwaambia tunakuja na nini. Jibu lao nililisoma ibadani, na nitalirudia kwa kifupi kwa ambao hamkuwepo.

Walishukuru sana. Kisha wakasema hawahitaji watu kumi na wawili. Nafasi yao ni ya watu wanne. Wanahitaji fundi wa cherehani. Si mshonaji, fundi wa kutengeneza mashine, kwa sababu wana cherehani za akina mama ambazo zimekaa kimya na fundi wa mjini anadai pesa nyingi. Huyo akae wiki mbili na amfundishe mtu wao mmoja. Wanahitaji mhasibu wa kuwasaidia kupanga vitabu vyao, naye wiki mbili. Na walimu wawili wa Kiingereza kwa watu wazima, wanaojua Kiswahili. Lakini hao walimu, wakasema, wakae miezi mitatu, kwa sababu kila mwalimu anayekuja wiki mbili huacha darasa limeanza tu kumzoea, na mwanafunzi mzima akikatishwa moyo mara ya pili harudi mara ya tatu.

Niliona nyuso za vijana wetu. Nawapenda, na najua iliuma. Miezi mitatu nani ataipata? Mwenye kazi hawezi, mwenye chuo hawezi.

Aliyesimama hakuwa kijana. Alikuwa mama wa kanisa, mwalimu aliyestaafu, amefundisha Kiingereza darasa la tatu na la nne zaidi ya miaka thelathini. Alisema magoti yake yanamsumbua lakini mdomo uko sawa. Kanisa lilicheka, halafu likanyamaza, kwa sababu tuligundua hajawahi kuulizwa. Tumekuwa tukitangaza misheni kana kwamba ni kambi ya vijana.

Antiokia walifanya vipi

Sasa nirudi kwa swali la wazee. Matendo 11 inasimulia nabii Agabo alivyotabiri njaa, iliyokuja siku za Klaudio, na wanafunzi wa Antiokia wakaamua kila mmoja atoe kadiri alivyofanikiwa, kwa ajili ya ndugu wa Uyahudi. Walituma pesa. Lakini pia walituma watu: Barnaba na Sauli. Wawili. Na pesa ile haikugawanywa na Sauli barabarani huku akipigwa picha. Ilikabidhiwa kwa wazee wa pale. Wazee wa Yerusalemu walimjua mjane gani ana watoto wangapi. Halafu ukisoma 12:25, walipomaliza huduma ile walirudi. Tena hawakurudi mikono mitupu, walirudi na Yohana Marko. Kule kwenye njaa ndiko walikopata mtenda kazi.

Na Paulo alipopanga mchango mwingine baadaye, 2 Wakorintho 8, alimtuma Tito pamoja na ndugu wengine wawili, mmoja wao amechaguliwa na makanisa, akasema wazi sababu yake: asiwepo mtu wa kuwalaumu juu ya pesa nyingi kama ile. Mtume mwenyewe, aliyeona maono, alitaka mashahidi wa hesabu. Basi usikasirike ukiambiwa ulete risiti ya basi.

Kwa hivyo baraza la wazee limekubaliana hivi. Nauli na gharama tulizokuwa tumepanga kwa wale wanane ambao hawataenda haitarudi kwa mfuko wa ujenzi. Itatumwa kwa wenyeji, kwa akaunti ya shirika na si ya mtu binafsi, inunue vipuri vya cherehani na vitabu. Wazee wamepata walilotaka. Na watu pia wataenda, kwa sababu pesa haiwezi kukaa na mtu akijifunza kutamka "thirty" na "thirteen".

Wewe unayetaka kwenda peke yako kupitia shirika lingine, chunguza kwanza. Uganda, chini ya sheria ya mwaka 2016, shirika lisilo la serikali linatakiwa kuwa na cheti cha usajili na kibali cha kufanya kazi. Omba kuviona. Uliza ni nani wenyeji walio kwenye uongozi. Uliza pesa yako ya "mchango wa mtu wa kujitolea" inaenda wapi, maana kuna wanaofanya biashara kwa jina la huruma. Na kama hawakukuuliza chochote juu yako, kazi yako, pasta wako, cheti cha tabia njema kutoka kwa polisi, wakati kuna watoto mahali hapo, basi ogopa. Mlango ulio wazi hivyo kwako uko wazi kwa kila mtu.

Safari yenyewe si ngumu. Mkenya anaingia Uganda kwa kitambulisho, lakini bila kadi ya chanjo ya homa ya manjano utasumbuka mpakani. Wanaokaa miezi mitatu wakifanya kazi, hata ya bure, si watalii. Wenyeji wetu watashughulikia kibali chao mapema, na hatutapitisha mtu kwa kusema "anaenda kusalimia jamaa". Huo ni uongo, hata ukisemwa kwa ajili ya injili. Jifunze kusema "gyebale ko" na "webale". Utaona wasichana na akina mama wa Kiganda wakipiga magoti kusalimia. Usicheke, na usianze kuhubiri juu yake.

Na simu. Picha ya mtu akiwa kwenye shida yake si ushuhuda wako. Yesu katika Mathayo 6 alizungumza juu ya wanaotoa sadaka wakitafuta kuonekana. Timu itapiga picha za cherehani. Za watu, wenyeji ndio wataamua.

Na Kayole je?

Kuna dada aliniambia baada ya ibada: pasta, maskini tunao hapa hapa, Kampala ni ya nini? Ana haki. Yesu alitaja Yerusalemu kwanza kabla ya miisho ya dunia. Lakini asikilize pia: Wakongo hawa hawa wako Nairobi. Wako Kayole, wako Githurai, wako Kasarani. Pengine ndiye anayekushonea nguo, na hujamuuliza alitoka wapi. Vijana wanane ambao barua iliwaacha, nimewapa kazi, na wamekubali, wengine kwa shingo upande. Kila Jumamosi mchana kuanzia mwezi ujao watafundisha Kiingereza cha kuzungumza kwa ndugu wa kanisa moja la Wakongo huko Kayole, ambalo mchungaji wake ndiye atakayepanga darasa, saa na mahali. Nauli ni ya matatu. Watakaodumu miezi sita, tutazungumza nao tena juu ya Kampala.

Tusisahau kilichompata Ebedmeleki. Mji ulipokuwa karibu kuanguka, Mungu alimtuma Yeremia, yule yule wa shimoni, ampelekee ujumbe: nafsi yake itaokolewa kwa sababu alimtumaini Bwana. Iko 39:15–18. Tunafikiri yeye ndiye aliyekuwa msaidizi na Yeremia mhitaji. Lakini mwisho wa siku aliyebeba neno la uzima kwa mwingine alikuwa yule aliyevutwa kwa matambara. Mama wetu mwalimu, ukifika Kampala, kaa mkao wa kupokea pia. Watu waliotembea kutoka Goma na watoto mgongoni wakiomba Mungu usiku kucha wana mambo ya kukufundisha juu ya maombi.

Fomu ziko kwa katibu wa kanisa hadi Jumapili ya mwisho ya mwezi. Bado tunatafuta fundi wa mashine za cherehani, mhasibu mmoja, na mwalimu wa pili. Usiandike kwenye fomu vipawa vya kiroho tu. Andika kazi unayoifanya kwa mikono yako Jumatatu hadi Ijumaa. Hicho ndicho wenyeji walichouliza.

Kwa ushirika wa nyumbani wiki hii: Someni Yeremia 38:7–13 kwa sauti, watu wawili tofauti. Kila mmoja ataje msaada aliowahi kupokea uliomsaidia na kumuumiza kwa wakati mmoja, bila kutaja jina la aliyeutoa. Halafu mjadili: kwenye stoo yako kuna nini ambacho umekuwa ukikiona ni matambara tu? Na je, kuna mtu katika kikundi hiki hiki ambaye hajawahi kuulizwa?